Kaka na Mimi Tulivyokataa Kuvuta "Aaa"

"Wewe si kaka yangu. Kaka yangu yuko wapi?"

Hayo nilimwambia mwanamume aliyepokea simu ya kaka.

Wadau, kaka ni dalali wa mnada. Miaka arobaini ananadi makabati kwa mdomo mtupu, na sauti yake ilikuwa kengele. Huyu alikwaruza kama kabati linaloburutwa sakafuni.

"Na wewe ni nani hasa?" akauliza.

"Mdogo wako. Kama ni wewe kweli, vuta 'aaa' yetu."

Utotoni tulishindana kuvuta "aaa" kwa pumzi moja. Kaka hakuwahi kushindwa.



"Anza wewe," akasema.

"Anza wewe."

Hakuna aliyeanza. Shemeji akanyakua simu. "Mwache apumzike." Ikakatwa.

Nikajua kuna jambo. Mimi ni mtu wa njiani, begi langu liko tayari daima. Siku mbili za basi, nikabisha hodi.

Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo haujatolewa.

"Vua kofia," shemeji akasema.

"Shemeji, ni mimi."

"Wote husema hivyo. Vua."

Akaliona kovu la utosini, akacheka mpaka akajishika ukuta.

"Mume wangu kaapa wewe ni tapeli! Eti mdogo wake hana sauti ya mashine mbovu."

Kaka alikuwa ndani, mzima, shali shingoni, ananikodolea macho.

Kesho yake nikamsindikiza kwa daktari wa koo. Kamera ikapita puani: vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, kazi ya kelele za mnada. Anyamaze, afanye mazoezi ya sauti, vitapungua.

Nikanyanyuka.

"Kaa, mzee," daktari akaniambia. "Sauti hiyo unayo tangu lini?"

"Vumbi la safari tu. Tangu mwaka jana."

"Kila mmoja avute 'aaa'."

Kaka akafika sekunde sita. Mimi tatu.

Kanishinda tena, ila safari hii hakucheka. Alinishika mkono.

Kwangu kamera ilionyesha uvimbe. Juzi wamekata kipande wakakipime, majibu Ijumaa. Ndiyo maana naandika: nami nimekatazwa kusema. Tumekaa sebuleni, wazee wawili kimya, na shemeji anasema hajawahi kuwa na wiki nzuri kama hii.

Nyani haoni kundule, wadau. Nilisafiri siku mbili kuikagua sauti ya mwenzangu, na yangu inaoza kooni.

Ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, usisingizie vumbi. Nenda upimwe.

Nami kule kwenye simu sikukataa kuanza kwa ubishi. Nilijua "aaa" yangu haitatoka.