Anwani ya Kidoti

Ombi lilikuja kwenye anwani ambayo haikuwepo, na likajibiwa.

Mama Kidoti aliduwaa mbele ya skrini, chai ikipoa mkononi. Yeye na mumewe walikuwa waandishi wa programu, na Bawabu ilikuwa kazi ya mikono yao: programu ndogo, nyepesi kama unyoya, ambayo wenzao waliichukua bure mtandaoni na kuipachika kwenye tovuti zao. Shughuli yake ilikuwa moja. Ombi likifika, Bawabu hutazama limeandikiwa anwani gani, kisha huiamsha kazi inayohusika, yaani kipande cha programu cha kujibu anwani hiyo. Kazi huamka, hujibu, hutoweka. Anwani isiyojulikana hujibiwa neno moja tu: Hakuna.

Ombi hili lilikwenda kwenye anwani iitwayo kidoti, na jibu lilikuwa: Nipo.

Kidoti alikuwa binti yao. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule. Watu waliendelea kuwaita kwa jina lake, na kila walipoitwa walitoneshwa kidonda.

"Ni wewe?" alimuuliza mumewe, aliyekaa meza ya pili.

Baba Kidoti hakugeuka. "Nimeweka njia inayopokea jina lolote, hata lisilojulikana. Nikaandika jina lake. Nilitaka kuliona tu."

"Na jibu?"

"Jibu sikuandika mimi."

Hakumwamini. Alipekua programu nzima, mstari kwa mstari, na neno lile hakuliona popote.

Tangu hapo mwanaume yule akawa wa kukaa na mashine. Chakula alikirudisha kama kilivyopakuliwa. Mkewe akimsemesha, aliweka kidole mdomoni, kana kwamba chumbani kuna mtoto aliyelala. Chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha, na madirisha yakifunguliwa harufu ilizidi.

Adhuhuri moja Mama Kidoti alirudi kutoka sokoni, umeme umekatika mtaa mzima, akaikuta kompyuta ya mumewe inawaka ingawa betri yake ilikuwa imekufa zamani, na chini ya meza akasikia visigino vidogo vikigonga mguu wa kiti, taratibu, kama vya mtoto aliyechoka kungoja, akainama kutazama na hakuona kitu, akainuka, na pale kwenye skrini herufi zilikuwa zinajiandika moja moja mbele ya macho ya baba aliyekuwa akilia bila sauti: Baba nifungulie huku ni baridi.

Alimfuata shangazi yake, mama wa dua ambaye watu walimwendea kwa mambo ya namna hii. Shangazi alisimama mlangoni, akaziba pua kwa mtandio, akasoma yale maneno.

"Mwanenu alijua kuandika?" aliuliza kwa kunong'ona.

Wazazi walitazamana.

"Hapana, shangazi," alisema Mama Kidoti. "Hata herufi moja."

"Basi anayeandika ni nani?"

Chini ya meza, visigino vilinyamaza.

"Kilipita kitu, kikasikia jina, kikalivaa," alisema Shangazi. "Ifute hiyo njia, mwanangu. Mimi nasoma dua."

Baba Kidoti akamshika mkewe mkono. "Nakuomba, mama. Usimfungie nje."

Alijinasua, akafuta. Kioo cha dirisha kikapasuka toka juu hadi chini, na uvundo ukakatika papo hapo.

"Umemuua mara ya pili," alisema mumewe.

Kesho yake ukaingia ujumbe wa mwandishi wa programu wasiyemjua. Alishukuru kwa toleo jipya la Bawabu. Alisema aliandika jina la marehemu mama yake kwa mzaha, na mama amejibu. Ameomba afunguliwe, naye amemfungulia.

Mama Kidoti hakuwa ametoa toleo jipya.

"Nililitoa mimi, kabla hujafuta," alisema mumewe. "Nilitaka mwingine naye asikie, usije ukaniita kichaa. Wameshalichukua wengi."

Mama Kidoti alimwandikia yule mtu: huyo si mama yako, futa ile njia, toka humo ndani sasa hivi.

Jibu lilikuja papo hapo.

"Mwanangu amelala. Usimwamshe."