Ombi Alilotuachia Baba

Katika nyumba yetu ya Fridley, kando ya jiji la Minneapolis huko Marekani, mimi ndiye niliyekuwa waziri wa barua. Kila siku niliposhuka kwenye basi la shule, kabla hata ya kupanda ngazi, nilifungua kisanduku chetu cha posta na kuanza kuchambua: matangazo ya piza chini, bili ya umeme juu, barua za serikali mkononi. Mama yangu, Emérance, alijua Kiswahili na Kifaransa, lakini Kiingereza cha barua kilimshinda. Mimi Joyeuse, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye niliyemsomea, naye aliniamini kuliko miwani yake.

Siku moja ya Aprili mwaka 2016 nilikuta barua ya serikali yenye jina la Baba. Baba, Munyaneza, alikuwa amefariki Februari. Moyo wake ulisimama ghafla akiwa kazini, na tulimzika theluji ikiwa bado imefika magotini.

Nilijua barua ile ilihusu nini. Mwaka uliotangulia, Baba alipopata uraia wa Marekani, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwombea mama yake ruhusa ya kuhamia kwetu. Mama yake huyo ni bibi yangu Générose, ambaye sisi tunamwita Koko. Alikuwa na miaka sabini na moja, ana shinikizo la damu, na aliishi peke yake Bukavu, akitazamwa na majirani tu. Ombi lilikubaliwa Desemba. Sasa barua ilimtaka Baba ajaze fomu ya kuahidi kumtunza Koko, aitie sahihi na kuirudisha. Baada ya hapo Koko angeitwa Kinshasa, kwenye ubalozi wa Marekani, kuhojiwa.

Jioni hiyo alikuja mjomba wangu Bagalwa, kaka yake Mama. Aliisikiliza barua mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Tukisema amekufa, dossier ya ombi inafungwa," alisema. "Yule maman atabaki kule peke yake mpaka siku yake. Barua inamwita Munyaneza. Basi, Munyaneza atajibu."

"Atajibu namna gani, Bagalwa?" Mama aliuliza.

Mjomba alinitazama mimi. Baba alikuwa na kazi mbili, na kwa ruhusa yake nilizoea kumtilia sahihi karatasi za shule. Ukweli ni kwamba sahihi yangu ya "Munyaneza" ilikuwa nzuri kuliko yake mwenyewe.

"Ni signature tu, Joyeuse," mjomba aliniambia kwa upole. "Papa yako angekubali."

Nilitazama upande wa Mama. Alikuwa ameugeukia ukuta wa jikoni, anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Nikashika kalamu, nikaandika jina la marehemu baba yangu. Mjomba akaifunga bahasha na kuniambia niitumbukize kwenye sanduku la posta karibu na shule.

Msidhani mjomba wangu alikuwa mtu mbaya. Kwetu, habari ya kifo haisemwi kwa simu. Mfiwa haambiwi akiwa peke yake. Watu humwendea, wakaketi naye, wakamshika, ndipo wakasema. Ndiyo maana hata Koko alikuwa hajaambiwa. Wakubwa waliamua kwamba afike Marekani kwanza, alie mikononi mwetu. Mjomba aliificha serikali habari ile kama tulivyomficha Koko, akiona ni wema uleule.

Lakini mwenye kubeba wema huo nilikuwa mimi. Kila Jumamosi asubuhi Koko alipiga simu, na kila Jumamosi aliuliza, "Papa yako iko wapi?" Nami nilijibu, "Yuko kazini, Koko."

Kesho yake nilifika mbele ya sanduku la posta nikashindwa kuinua mkono. Keshokutwa yake vilevile. Bahasha ilikaa kwenye mkoba wangu siku nne, katikati ya kitabu cha hesabu na sanduku la chakula. Niliposikia king'ora chochote barabarani nilidhani polisi wamekuja kumchukua Mama. Niliogopa kuituma, na niliogopa vilevile kutoituma, maana Koko angebaki Bukavu kwa kosa langu.

Jumamosi ikafika, na simu ikalia.

"Nilisha kujifunza maswali, mjukuu wangu," Koko alisema kwa furaha. "Kule Kinshasa bataniuliza mtoto wangu iko wapi. Nitaapa mbele ya Mungu: iko mzima, anatumika sana, hata Jumamosi iko ku kazi!" Akacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Nilimwona Koko akiinua mkono wake mbele ya wazungu, akiapa uongo tuliomlisha sisi, bila yeye mwenyewe kujua. Simu ilipokatika nilichukua mkoba, nikaitoa bahasha na kuiweka mezani mbele ya Mama.

"Sikuituma," nilisema. "Na sitaituma, Mama. Hata ukinipiga."

Hakunipiga. Alikaa chini, akafunika uso kwa kitenge chake, akalia kama siku ya mazishi. Aliponyamaza aliniuliza, "Yule mwanamke wa Mombasa aliyekuja kanisani kutufundisha mambo ya uraia, ofisi yake iko wapi?"

Jumatatu Mama aliomba ruhusa kazini, katika hospitali moja ya Minneapolis ambako alifua mashuka. Tulipanda basi, kisha treni, mpaka mtaa wa Frogtown, kwenye barabara ya University. Mjomba, ambaye Mama alikuwa amemwita, alitukuta mlangoni, amenuna. Wakili Saadia, yule wa Mombasa, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye hijabu ya kijani. Alitukaribisha chai kabla ya kutuuliza lolote.

"Haya, mamangu, nieleze. Mume wako yuko wapi?"

"Iko... iko ku kazi," Mama alijibu. Ulimi ulikuwa umezoea.

Mama aliinamia kikombe chake. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Baba amekufa." Tangu mazishi sikuwa nimeyatamka maneno hayo, na nilipoyatamka machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Kisha nikaeleza yote: barua, sahihi, siku nne.

Saadia alinyoosha mkono, akaichukua bahasha. "Hii haijaenda popote?"

"Haijaenda."

"Alhamdulillahi. Ingefika, ni kughushi hiyo, na mlango wa bibi yako ungefungwa kwa kufuli. Ichane mwenyewe, hapa hapa." Nikaichana. Kisha akamgeukia mjomba. "Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nyinyi mmeficha hata kilio chenyewe!"

"Madame, tungefanya nini?" mjomba alijitetea. "Mwenye ombi amekufa. Imeisha."

"Haijaisha. Mwenye ombi akifa, ombi hufa naye. Lakini hili lilikuwa limeshakubaliwa kabla hajafariki, na sheria inaturuhusu kuomba lihuishwe kwa sababu za kibinadamu. Anatakiwa ndugu wa karibu aahidi kumtunza bibi badala ya marehemu. Mkwe anakubalika. Wewe Mama Joyeuse una kadi ya ukaazi na una kazi. Utasimama mahali pa mumeo, kwa jina lako." Akainua kidole. "Ila sikilizeni. Hii ni huruma, si haki. Wanaweza kukataa. Tutapeleka cheti cha kifo, barua ya daktari wa bibi, na maelezo ya bibi mwenyewe. Kwa hiyo lazima aambiwe."

Mjomba aliruka kitini. "Mtamuua yule mzee!"

"Kaka yangu," Saadia alisema polepole, "akiwa Kinshasa, mbele ya dirisha la ubalozi, amesimama peke yake, karani asiyemjua atamwambia, 'Mwanao si amekufa?' Unataka asikie hapo?"

Mjomba aliketi.

Mambo yalifanywa kama desturi inavyotaka. Jumapili iliyofuata, mchungaji Hategekimana wa kule Bukavu na akina mama watatu wa kwaya walikwenda kwa Koko baada ya ibada, wakaketi naye, wakamshika mikono. Huku kwetu palikuwa ndiyo kwanza panapambazuka. Sote watatu, Mama, mjomba na mimi, tuliizunguka simu. Tulimsikia mchungaji akisali, kisha tukasikia sauti ya Koko ambayo sijawahi kuisikia tena na sitaki kuisikia. Baada ya muda mrefu aliomba kusema nami.

"Joyeuse. Alikuwa ku kazi kweli?"

"Hapana, Koko. Nilikudanganya. Nisamehe."

"Karibu miezi mitatu nimemwombea Mungu ampe mtoto wangu nguvu ya kazi," alisema. "Mulininyima kilio changu. Sasa nitalia. Usikate simu."

Hatukuikata. Alilia zaidi ya saa nzima, akina mama wakimwimbia, nasi tukilia huku. Shinikizo la damu halikumuua.

Kungoja kulikuwa na mateso yake. Saadia alipeleka karatasi zote Mei. Nilifungua kisanduku cha posta majira yote manne, nikikuta piza na umeme tu. Mara moja iliombwa karatasi nyingine na Mama hakula siku mbili. Machi mwaka uliofuata barua ikaja. Niliisoma mara tatu kabla ya kumwita Mama, nikihofia macho yangu yananidanganya. Ombi lilikuwa limehuishwa.

Kinshasa walimuuliza Koko mwanawe yuko wapi. "Alikufa," alijibu. "Mkwe wangu ndiye ananiita." Akapewa viza.

Alifika Agosti. Siku ya pili, kabla ya kupumzika vizuri, alidai kupelekwa makaburini. Mjomba alimshika mkono, akapiga goti kwenye nyasi na kuomba radhi.

"Inuka, mtoto wangu," Koko alimwambia. "Ulinihurumia, najua. Lakini huruma yenye uongo ndani ni mzigo, na tazama mlimbebesha nani." Akaniwekea mkono kichwani. "Mtu mzima aambiwe ukweli, akiwa na watu wa kumshika. Serikali nayo iambiwe ukweli, hata kama mnaogopa jibu lake. Huyu mtoto aliogopa kuliko nyinyi wote, na bado alisema."

Kisha akaketi kando ya kaburi, akakunjua kitenge chini na kunivuta nikae karibu yake.

"Sasa niambie," alisema. "Siku ile alipokufa, tangu alipoamka. Usinifiche kitu."

Nikaanzia kwenye chai aliyokunywa asubuhi ile akiwa amesimama, nikamwambia yote.