Zitakapolala Faranga za Assani

Hawa na Assani walikutanishwa na msumari wa kamio. Ilikuwa siku ya soko mjini Baraka, kando ya ziwa, mwaka wa hamsini na tatu. Kamio, lori la mizigo, lilisimama kando ya vibaraza likipakia magunia ya mchele, na Hawa, aliyekuwa akijipenyeza na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, alisikia kikwembe chake kipya alichojifunga kikipasuka kutoka gotini hadi kwenye pindo. Akabaki pale pale, mkono mmoja kwenye beseni, wa pili umeshika nguo. Bamama waliouza mawese wakaanza kucheka.

Fundi aliyekuwa akikanyaga cherehani barazani hakucheka. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, na kofia ya kufuma. Akaja na shuka, akaishika kama pazia, uso ameugeuzia ziwani.

"Jifunge hii, dada. Nguo yako naishona sasa hivi."

"Na ndagala yangu, nani atauzisha?"

"Mimi."

"We mugeni, unajua bei ya ndagala?"

"Sijui. Nitawauliza wanunuzi."

Hawa akacheka mpaka beseni likatikisika. Aliporudishiwa kikwembe, aliutafuta mshono asiuone.

Fundi huyo alikuwa Assani, mtu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, upande wa Waingereza. Na mwenyeji wake hapo Baraka alikuwa Mzee Kassimu, baba mdogo wa Hawa, ambaye Hawa alikuwa ameshuka kutoka Fizi siku chache tu zilizopita ili aishi kwake. Basi ikawa kila Ijumaa Assani akija kumsalimu mwenyeji wake, anakuta chai imekwisha kumiminwa, na kikombe chake kina sukari kuliko vingine.

"Nani ametia sukari hivi?" Assani aliuliza siku moja.

"Iko mbaya?"

"Iko nzuri mno. Naogopa kuzoea."

"Zoea tu," Hawa alisema, akaingia ndani kabla hajaonekana anatabasamu.

Nchi ile, mgeni hakuishi bila mwenyeji. Mwenyeji ndiye aliyemsemea kwa chifu, ndiye angemzika, na ndiye aliyemtunzia amana. Akiba ya Assani ililala katika sanduku la mbao chini ya kitanda cha Mzee Kassimu. Siku mgeni akiomba amana yake yote, haulizwi sababu. Kumuuliza ni kama kuona uchungu kumrudishia cha kwake. Anapewa, anapikiwa chakula cha njiani, anaagwa. Hakuna aliyechukua amana yote akabaki.

Mwaka uliofuata, Bonaventure, karani wa posta ya Uvira, alikuja kupimwa suruali. Hawa alikuwapo, ameleta vifungo alivyotumwa kununua.

"Bageni nao banaweza kufungua kitabu cha akiba," Bonaventure alisema, mikono ameinua huku akipimwa kiuno. "Leta karatasi yako ya kukaa huku, basi. Mbona unalaza franga chini ya kitanda ya muntu?"

Alipoondoka, Assani alitundika kipimo shingoni.

"Hawa, nisaidie kufikiri. Naweza kuweka posta ya Kigoma, kwa shilingi, lakini kila nikitaka kuweka nivuke ziwa. Iko benki ya Usumbura. Wale hukuhamishia pesa zako hadi kwenu siku ukirudi. Au hii posta ya Uvira, kwa faranga, kitabu kidogo tu."

"Na sanduku ya baba mudogo?"

"Kwa jambo ninalotaka kufanya, sanduku halifai tena."

Hawa aliviweka vifungo mezani. "Jambo gani?"

"Ukijua mapema litapoteza ladha."

"Mi naona hivi," Hawa alisema, akipanga vifungo mezani ambavyo havikuhitaji kupangwa. "Mwanaume akilaza franga yake ng'ambo, hata yeye anataka kulala ng'ambo."

"Basi nichagulie wewe."

"Hapana. Franga ni ya kwako. Chagua we mwenyewe."

Alitamani kusema Uvira. Neno lilifika mdomoni likarudi. Mwanaume wa kubembelezwa abaki, siku moja ataondoka tu.

Ijumaa baada ya swala Assani aliomba amana yake, yote. Mzee Kassimu hakuuliza neno. Alivuta sanduku, akamkabidhi mfuko wa kitambaa, akamshika mkono kwa muda mrefu. Uani, mkewe Bi Zubeda alimchinja kuku wake mwekundu, yule aliyekuwa akitaga. Jioni Hawa alipewa kifurushi apeleke: kuku wa kukaanga na mikate ya mchele, vimefungwa kwa majani ya mgomba.

Assani alikifungua hapo hapo. Akaketi, akala.

"Unakula sasa?" Hawa aliuliza.

"Nisubiri nini? Umepika wewe?"

"Nimepika."

"Mikono hii ihifadhiwe," alisema, akilamba kidole.

Hawa alimtazama akimaliza paja la chakula cha kuagana, bila aibu, na hasira ikampanda. "Unaondoka lini?"

"Kesho, na kamio la mchele. Nikuletee nini?"

Kila anayeondoka husema hivyo.

"Usiniletee kitu. Safari njema, fundi."

"Fundi? Leo siyo Assani?"

Hawa alikuwa ameshafika njiani.

Alfajiri kamio liliondoka. Jumapili Assani hakurudi, wala wiki nzima baadaye. Mvua ilinyesha. Pale sokoni bamama walimwambia Hawa kwamba wanaume wa ng'ambo ndivyo walivyo, na mmoja akampa mawese kidogo ya bure, jambo lililomuumiza kuliko maneno. Kikombe cha Ijumaa alikificha nyuma ya vyungu, asikione.

Assani alikuja kwa miguu, siku ya soko, matope hadi magotini. Mvua ilikuwa imekata barabara, na kamio lilikwama njiani. Alipoingia uani, Bi Zubeda aliacha kupepeta mchele.

"Umesahau nini, mwanangu?"

"Sijasahau kitu, mama. Nimerudi nyumbani."

Mzee Kassimu alitoka ndani. Hawa alisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Lakini we ulichukua amana," mzee alisema. "Tulikuaga. Tulikuchinjia kuku."

"Yule kuku alikuwa wa kuniaga?" Assani aliketi chini kama aliyesukumwa. "Mimi nilidhani napendwa."

Ndipo alipoeleza. Kwao Kigoma watu huweka na kutoa posta, na hakuna anayeagwa. Amefungua kitabu Uvira, kwa faranga, kwa sababu upande huu ndipo anapotaka kuzeekea. "Nataka kumposa Hawa, mzee. Nikaona aibu. Mahari yatoke chini ya kitanda chako, nikupe mkononi, uyarudishe chini ya kitanda kile kile? Nilitaka uone yametoka kwangu."

Mzee Kassimu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakunja uso. "Nani atakusemea? Mwenyeji ni mi, na baba ya binti ni mi. Nijipose mwenyewe?"

Bi Zubeda, Mungu amrehemu, alijifuta mikono. Akainuka kutoka upande wa mumewe, akazunguka ungo, akaketi kando ya Assani.

"Hodi, Mzee Kassimu," alisema. "Tumetoka ng'ambo. Kijana wetu anataka kuoa hapa."

"We Zubeda."

"Zubeda simjui. Mi ni mama ya bwana harusi. Na mahari mutapunguza, maana sisi tuko bantu ya mbali."

Walibishana hadi alasiri, na mume hakushinda hata jambo moja. Mwishowe Mzee Kassimu akageukia pazia. "Hawa, umesikia bageni. Tubajibu nini?"

Hawa alichungulia kando ya pazia.

"Baambie bwana harusi anawe miguu," Hawa alisema, na sauti yake ilikuwa inacheka na kulia pamoja. "Hataingia nyumbani kwangu na matope ile."