Suruali ya Fundi Sentimita

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sentimita, kwa sababu utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata wakati wa kula. Alikuwa hodari wa kutanua suruali za watu. Mteja akija amebana pumzi, fundi humpima, hutabasamu na kusema, "Usijali, kitambaa kimesinyaa." Hakuna aliyeambiwa amenenepa. Ndiyo maana wateja walimpenda.

Sasa binti yake alikuwa anaolewa. Fundi aliapa kumsindikiza akiwa amevaa suti aliyojishonea kwa ajili ya harusi yake mwenyewe. Akaijaribu. Zipu ikagoma katikati.

"Itanue basi," mkewe akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

"Nitanue suruali yangu mwenyewe? Hata! Nitapungua mimi."

"Harusi ni wiki ijayo."

"Wiki nzima! Muda tele, mama watoto."

Mchana huohuo akaenda nyuma ya nyumba, juani, akaanza kuchuchumaa na kuinuka. Akachuchumaa, akainuka, mpaka hesabu ikampotea. Maji aliyakataa, eti yatamwongeza kiuno.

"Pumzika, utaumia," mkewe akamwambia.

"Miguu hii inakanyaga cherehani kila siku. Imezoea!"

Kesho yake alishuka kitandani kwa kubiringika. Akajipa moyo kwamba mazoezi yamekolea. Siku iliyofuata aliingia chooni, akachuchumaa, na kuinuka kukamshinda.

"Vipi humo?" mkewe akagonga mlango.

"Nakuja."

"Ulisema unakuja kabla sijabandika chai!"

Mama wa watu akaingia, akamshika kwapani, akamvuta kama gunia. Ndipo akaona mkojo. Ulikuwa wa kahawia.

"Hii nini?"

"Nilikunywa chai nyingi."

"Chai gani inatoka na rangi yake? Usinifanye mtoto!"

Akamwita jirani yao, muuguzi. Alipofika, alimkuta fundi ameshika vidonge vya maumivu mkononi, yuko tayari kumeza.

"Weka chini, shemeji. Baadhi ya dawa hizo huumiza figo, na figo zako sasa hivi ziko hatarini."

"Figo? Mimi nimechuchumaa tu, shemeji. Figo zimeingiaje?"

Muuguzi akamgusa mapaja. Yalikuwa yamevimba na kuwa magumu. Fundi akapiga yowe.

"Sikiliza. Misuli ni nyuzi nyingi zilizolala pamoja."

"Nyuzi za namba gani?"

"Shemeji!"

"Haya, endelea."

"Ukiitumikisha kwa ghafla kuliko ilivyozoea, nyuzi hizo hukatika. Vilivyokuwa ndani yake humwagika kwenye damu. Kimojawapo huitwa CK. Hicho hupimwa maabara. Kikipanda kidogo baada ya mazoezi, ni kawaida. Kikipanda sana, misuli imeumia vibaya. Kingine ni myoglobini. Hiyo ndiyo hupaka mkojo rangi, na ikizidi huharibu figo."

"Basi nitakunywa maji mengi, nilale."

"Hapana. Maumivu ya kawaida hupungua yenyewe. Lakini ukiona mkojo wa kahawia, uvimbe, au miguu imeishiwa nguvu, ni hospitali, na ni sasa hivi."

Hospitalini walimtoa damu. CK ilikuwa juu mno kupita kawaida. Daktari akamlaza, akamtundikia dripu ya maji ili kuzisaidia figo. Fundi aliogopa, na safari hii hakuficha.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ndogo, "kama figo zikifa, nani atamsindikiza mwanangu?"

Mkewe hakumcheka. Alimshika mkono na kulia.

Kila siku walimpima damu na mkojo. CK ikaanza kushuka. Figo zikaendelea vizuri. Mkojo ukapauka, na fundi akawatangazia furaha hiyo wagonjwa wenzake wote, hata waliokuwa wanakula.

Siku ya kumruhusu, daktari akamwambia, "Pumzika. Kunywa maji. Urudi tupime tena. Damu ikiwa sawa, anza kwa kutembea, kisha ongeza kidogo kidogo. Usianze juani, na usikimbilie kupungua kwa siku chache."

Fundi alifika nyumbani akaomba suti. Akaigeuza ndani nje, akachukua wembe wa kufumulia. Kumbe ujanani alijiachia kitambaa cha akiba ndani ya mshono, kama anavyofanya fundi mzuri.

"Unafanya nini?" mkewe akauliza.

"Namhudumia mteja."

"Kitambaa kimesinyaa?"

"Mteja amenenepa," fundi akasema. Mkewe alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Siku ya harusi fundi alitembea polepole, maana mapaja yalikuwa bado na kinyongo. Binti yake akamshika mkono. Tangu utotoni alimjua baba yake na suti ile, na jinsi alivyokuwa akibana pumzi akiivaa.

"Baba," akamnong'oneza, "usisahau kupumua."

"Napumua, mwanangu," akajibu. "Leo nafasi ipo."