Kadi ya Mkwe

Mvua ilishuka ghafla sokoni Lewisham, Jumamosi moja ya Novemba 2006. Anselme, koti lake la ngozi limelowa mabegani na mfuko wa ndizi za kupika mkononi, alijikuta chini ya mwavuli mkubwa wa kijani. Palikuwa na meza, karatasi za matangazo, na mwanamke mwenye koti jekundu na kilemba cha kitenge.

"Karibu kaka. Lakini mwavuli ni wa wateja," alisema mwanamke. Alishamsikia akibishana na muuza ndizi, akajua ni msemaji wa Kiswahili.

"Unauza nini, dada?"

"Bima ya matibabu. Wewe unalipa London, mama anatibiwa nyumbani. Anaonyesha kadi tu. Kenya, Uganda, Tanzania, Burundi."

"Mama yangu iko Uvira. Kongo."

Mwanamke, jina lake Restuta, akakunja uso. "Kongo hatuuzi. Kampuni inaishia mpakani."

"Basi ni kama mwavuli wako huu. Kichwa kikavu, mgongo unalowa."

"Sogea basi, usije ukanishtaki."

Mvua ilikatika. Anselme hakuondoka.

Restuta alikuwa mtu wa Bukoba. Siku za kazi alikaa katika ofisi ya bwana Shiraz, mwajiri wake, juu ya duka la sari huko Kenton. Anselme aliishi Barking, akihudumia wazee katika nyumba moja huko. Mji mzima ulikuwa katikati yao, kwa hiyo walipendana kwa simu.

"Umekula, mtoto wa Bukoba?"

"Nile nini, na wewe uliondoka na ndizi zote?"

"Njoo nikupikie, sheri, mpenzi wangu."

"Ndizi za Wakongo! Mnazizamisha kwenye mafuta mpaka zinaomba msamaha."

Walicheka mpaka kadi ya simu ikaisha. Lakini kila mazungumzo yaliishia kwa mama yake Anselme, aliyekuwa na kisukari na aliyekaa peke yake Uvira. Jioni moja walipokutana Restuta akasema, "Mama mdogo wako Annonciata si anaishi Bujumbura? Tumwandikishe mama kwa anwani ya kwake. Akiumwa, avuke. Si karibu tu?"

Anselme akamkumbatia kwa nguvu. Hakuna aliyewaza kwamba ugonjwa hauna adabu ya kusubiri.

Walimpigia mama siku hiyo hiyo, simu ikiwa mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu," alijibu mama, ingawa habari ya ndoa ilikuwa haijatajwa. Anselme akainamisha kichwa akitabasamu.

Restuta akaendelea, "Mama, kadi hii haifanyi kazi Kongo. Ukijisikia vibaya, vuka uende kwa mama mdogo."

"Kwa hiyo niuambie ugonjwa uningoje mpaka nivuke?"

Wakacheka wote wawili. Mama hakucheka. "Haya," akasema. "Kitu ulichopewa na mkwe hukiweki chini."

Kadi ilipofika aliifunga katika pindo la kitenge chake, na hata kanisani hakuifungua. Jirani yake Célestine akamtania, "Siku hizi hatusalimiwi, tuna mkwe wa Ulaya!" Mara mbili mama aliugua, akavuka, akatibiwa, akarudi salama. Anselme akaanza kutazama pete madirishani. Lakini Restuta aliona jambo moja likimsumbua mama: kila walipompigia, aliuliza swali lile lile.

"Lango la mpaka siku hizi wanalifunga saa ngapi?"

"Kwa nini unauliza, mama?"

"Nauliza tu, mwanangu."

Jumapili moja ya Mei 2008, Anselme alikuwa ndani ya basi akienda kwa Restuta, amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, pete mfukoni. Simu ikalia. Alikuwa Annonciata, na alikuwa analia.

Mama alianguka uani kwake jana jioni. Hospitali ya mtaani ilikuwa karibu kiasi kwamba paa lake lilionekana kutoka mlangoni. Hakutaka kupelekwa huko. Alishika pindo la kitenge akasema, "Nivusheni." Majirani walipomfikisha mpakani, lango limefungwa. Wakamlaza kwenye benchi wangoje kupambazuke. Hakupambazukiwa.

Anselme alishuka kituo kisichokuwa chake, akampigia Restuta.

"Ulimwambia nini mama yangu?"

"Anselme, nini tena?"

"Ulimwambia kadi haifanyi kazi Kongo! Akaipita hospitali, Restuta! Akaipita, akaenda kufia kwenye lango!"

"Mungu wangu. Nilimwambia ukweli tu."

"Usinipigie tena."

Hakumpigia. Lakini matanga ni matanga. Siku ya tatu Restuta alifika kwa Anselme, Barking, na sufuria ya maharage, amejifunga kanga mbili nyeusi. Viti vilikuwa vimetolewa, wanawake wamekaa juu ya godoro sakafuni. Mmoja akapokea sufuria. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Akasimama karibu na mlango.

Annonciata akapiga kuwasalimu waombolezaji, na simu ikawekwa katikati wote wasikie.

"Célestine alimbembeleza sana," alisema. "Akamwambia, dada, twende hapo, ni karibu. Akakataa. Akasema, nikitibiwa pale bila kadi, mkwe wangu ataona nimetupa zawadi yake. Nitamtazama na uso gani siku ya harusi?"

Restuta aliketi palepale sakafuni, akajifunika uso kwa kanga.

Anselme akaja akakaa mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Amekufa akikuita mkwe," akasema polepole. "Mimi ni nani nimkatalie?"

"Usiseme hivyo. Hutanioa mimi, utamwoa mama yako."

"Mimi nilicheka, Restuta. Aliuliza kama ugonjwa utamngoja, nikacheka." Akaitoa pete, akaishika bila kumnyooshea. "Kuubeba mzigo huu peke yangu siwezi. Hivi njo vile nilivyobaki."

Restuta aliitazama pete. Kisha akafungua kiganja, Anselme akaiweka humo.

Ndipo simu ya Restuta ikaita, akaipokea. Hakuwa ameizima siku zote zile, akingoja Anselme apige. Sauti ya kijana, changamfu, ikasikika chumba kizima.

"Dada wa bima? Ninaitwa Dieumerci. Mama yangu iko Bukavu. Nimesikia unaweza kumwandika upande wa pili wa mpaka."

Wanawake wote waligeuka. Restuta akamtazama Anselme, kisha akafumba macho.

"Kaka, hospitali iliyo karibu na mama iko wapi?"

"Iko hapo tu, nyuma ya soko. Lakini si nzuri sana."

"Mpigie leo. Mwambie akiumwa aende hapo hapo, asingoje mtu, asingoje kitu. Mimi sina kadi ya kumuuzia."

Akakata simu. Pete ilikuwa bado kiganjani.

Mwanamke wa pembeni akavuta miguu yake, akapapasa godoro.

"Kaa hapa, bibi arusi," akasema. "Sakafu ni baridi."