Maji ya Miguu ya Dina

Maji ya bomba hapa Majengo, ikifika Oktoba, hayafai kumkesheshea mtoto. Jua la Mpanda huyachemsha humo humo ndani ya mabomba, na jioni yakitoka yana uvuguvugu wa kuogeshea kichanga. Mwekee mtoto miguu humo uone kama hatalala fofofo. Pudensiana alilijua hilo kwa kujaribu. Ndiyo maana Jumatano ile, kigiza kikianza kuingia, alichukua ndoo akaenda kisima cha zamani, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ambako maji hutoka ya baridi hadi yanauma mifupa.

Usaili ulikuwa Jumamosi. Shule ya masista, nafasi arobaini, watoto mia tatu na kitu. Dina, bintiye wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameshafanya mtihani wa darasa la saba mwezi uliopita, na wenzake wote walikuwa wanaruka kamba mpaka mbu wawafukuze. Yeye alikuwa mezani, miguu ndani ya beseni, anakokotoa. Kichwa kikianza kuinama, mama anaongeza maji. Wala Pudensiana hakuubuni yeye ujanja huo. Nusu ya wasomi wa mkoa huu walisoma hivyo, miguu majini, na hadi leo wanajisifia.

Yeye mwenyewe aliwahi kufaulu usaili kama huo, enzi akiwa msichana kule Kasekese. Sanduku la bati likanunuliwa. Kisha baba yake akabadili mawazo, akasema mtoto wa kike haendi mbali, na sanduku likaishia kuwa la kuhifadhia mbegu za mahindi. Tangu hapo anaota ndoto moja: amelibeba lile sanduku kichwani, analiona lango la shule, anatembea, na lango halifiki. Mtu aliyeota hivyo kwa miaka ishirini na mbili hawezi kumtazama mwanawe akisinzia akanyamaza.

Kisimani hapakuwa na mtu. Alitumbukiza ndoo, akavuta kamba, na ndipo harufu ikamjia. Tope bichi... tope la chini kabisa, lisilopata kuona jua.

"Hayo ni ya kumkesheshea mtoto?"

Aliyesema alikuwa mama mtu mzima, amekaa upande wa pili wa kisima, khanga imemfunika mpaka miguuni. Pudensiana angeapa kwamba dakika moja nyuma pale palikuwa patupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Ndiyo, mama. Ana mtihani."

Macho ya yule mama yalikuwa mekundu, makavu. Pudensiana alisubiri yapepese.

Hayakupepesa.

"Usingizi umemlemea?"

"Sana."

"Mimi umenikataa. Mwaka wa kumi na tisa huu." Akainama, akanong'ona. "Maji ya miguu yake... huwa mnayamwaga wapi?"

 Bibi aliyemlea Pudensiana alimfundisha mapema: maji yaliyogusa miguu ya mtu hayamwagwi njiani, wala hapewi mtu. Unyayo wa mtu ni mtu mwenyewe. Kila usiku aliyamwaga uani kwenye mashina ya mchicha, akafukia na udongo.

"Niletee mimi," mama yule alisema. "Hatasinzia tena."

Pudensiana alijitwika ndoo akaondoka bila kuaga. Nyuma yake alisikia mtu akipiga mwayo. Mwayo mrefu... mrefu... usiofika mwisho.

Saa mbili usiku Dina alijigonga paji la uso mezani. Udenda ukalowesha hesabu za kigawe kidogo cha shirika.

"Mama, nilale kidogo. Dakika tano tu."

"Utalala ukishafaulu."

"Miguu inaniuma."

"Utalala ukishafaulu, Dina."

Simu ikalia. Alikuwa Evarist, mumewe, aliyekwenda Majimoto wiki nzima kununua mpunga. Alisikia mtoto akilia nyuma ya simu, akauliza kuna nini, akaambiwa.

"Mwache mtoto alale, Mama Dina. Hata ng'ombe wa plau hufunguliwa jioni."

"Wewe nunua mpunga. Huku niachie mimi."

Tuseme ukweli, hakuwa mama mbaya. Alikuwa mama aliyechoka, na uchovu ni mshauri mbaya kumshinda shetani. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anapika, anauza dagaa sokoni, anarudi kukaa na mtoto mezani mpaka yeye mwenyewe haoni namba. Alhamisi, Dina alipoanguka mezani hata kabla kengele ya jioni haijagongwa kanisani, Pudensiana hakumwamsha. Aliinua beseni lenye maji ya miguu ya mwanawe, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kisimani.

Yule mama alikuwa palepale. Alipokea beseni. Akaliinua mdomoni.

Akanywa.

Gku... gku... gku...

Alikunywa yote. Ukoga uliobaki chini akaukomba kwa kidole, akalamba. Kisha yale macho makavu yakalowa, kope zikashuka taratibu, na akatabasamu kama mtoto aliyetoka kunyonya.

"Asante, mwanangu. Umenipa kwa mkono wako."

Pudensiana alinyakua beseni akarudi mbio. Alimkuta Dina amekaa wima mezani, kalamu inakimbia.

"Mama, hesabu nimemaliza. Nipe karatasi nyingine."

Na yeye, Mungu amsamehe, alifurahi.

Alfajiri ya Ijumaa alimkuta Dina kitandani amelala chali, anatazama bati.

"Umeamka saa ngapi?"

"Sijalala."

"Huna usingizi?"

"Sina kitu, Mama."

Chumbani mlinuka tope bichi. Kulikuwa na sauti pia. Tone... tone... tone... Beseni lilikuwa limepinduliwa mlangoni, kavu kabisa. Lakini sakafuni, kutoka mlangoni hadi kitandani, kulikuwa na nyayo za maji. Za kuingia tu. Za kutoka hazikuwepo.

Alizifuta kwa kitambaa upesi, kabla mtoto hajaziona. Mtihani ulikuwa kesho yake, na alijiambia mambo mengine yatasubiri.

Jumamosi Dina alimaliza karatasi zote kabla ya nusu ya muda. Jumatano, Sista alipiga simu. Dina amekuwa wa kwanza. Si wa kwanza Mpanda, wa kwanza kati ya wote. Pudensiana alipiga vigelegele mpaka jirani yake Scola akaruka ua kuja kumsaidia kushangilia. Alilia. Alimlilia yule msichana wa Kasekese, na sanduku lake, na mbegu za mahindi.

Dina alisimama mlangoni, amejishikilia kwenye fremu. Usiku wa sita huo hajalala. Mashavu yalikuwa yamebonyea, sketi imezungushwa kiunoni na kufungwa kwa pini.

"Mama. Nimefaulu."

"Umefaulu, mwanangu!"

"Sasa nilale?"

Pudensiana alikatiza vigelegele. Alimtandikia mwenyewe, akamshushia chandarua, akakaa pembeni. Dina alijilaza. Akafumba macho, yakafumbuka. Akayafumba tena, na safari hii akayashikilia kwa vidole viwili, namna tunavyowafumba waliokufa. Alipoondoa vidole, kope zilipanda juu zenyewe, polepole.

"Hauji, Mama. Nauita, hauji."

Pudensiana alitoka akamfuata Scola uani kwake, akamuulizia mama mwenye macho mekundu anayekaa kisimani.

"Si Mama Hana huyo?" Scola alisema. "Anakaa nyumba ya tofali mbichi, pale pale nyuma ya mashine. Ila siku hizi hatoki. Nasikia amelala tu tangu Alhamisi."

Jua lilikuwa linazama alipobisha hodi. Alifungua mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa unga wa vitumbua.

"Wewe ndiye Hana?"

"Ndiye. Nilijua utakuja, dada. Pita."

Mama Hana alikuwa kitandani, amejikunja ubavu, kiganja chini ya shavu. Hivyo ndivyo alalavyo Dina. Tangu ananyonya hulala hivyo hivyo. Midomo ilikuwa inachezacheza. Pudensiana aliinama, akasogeza sikio.

"...saba mara nane, hamsini na sita... saba mara tisa, sitini na tatu... Mama... dakika tano tu..."

Pudensiana alimkamata mabega akamtikisa. Akamfinya. Akamwita Dina. Mama yule alikoroma kidogo, akajikunja vizuri zaidi.

Hana alimshika mkono. "Haamki. Mimi mwenyewe nimejaribu."

"Nirudishie usingizi wa mwanangu!"

"Kaa kwanza." Hana alifuta mikono kwenye kitenge. Alizungumza bila haraka, kama mtu aliyelisema jambo hilo kichwani mara nyingi. "Mimi nilikuwa wa kwanza wilaya nzima. Mama alinikeshesha kwa beseni, kama wewe. Maji ya miguu yangu akampa mtu kule kisimani. Siku ya nane nikashindwa hata kusimama. Mama akaenda kumtafuta aliyempa, akatoa usingizi wake ili nirudishiwe wangu."

"Alimpa nani?"

"Hajawahi kunitajia. Ukimuuliza, anatazama kisima." Hana alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Nikasoma kweli. Mpaka chuo kikuu nilifika. Ndiyo hivi sasa unaniona na vitumbua."

Pudensiana alitazama lile karai la mafuta kwenye kona, na rundo la vitumbua, na ukutani picha ya Hana amevaa joho. Hakuwa na nguvu ya kushangaa.

"Usingizi uliotolewa kwa mkono hauporwi, dada," Hana alisema. "Unabadilishwa tu."

Akamsukumia kwa mguu beseni lenye maji ya kisima.

Pudensiana alivua kandambili. Maji yale yalimuuma mpaka magotini. Alikaa hivyo huku giza likiingia dirishani, akimfikiria Dina na vidole vyake viwili juu ya kope. Hana aliyachota maji kwa kijiko, akamnyanyua mama yake kichwa, akamnywesha. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Kilipofika cha saba, ile midomo ikasimama.



Kisha Mama Hana akasema, kwa sauti ya msichana, "Sanduku zito hili... aa, lango si lile pale..." Uso wake ukang'aa. "Shikamoo, Sista."

Kwake yeye, lango lilifika. Pudensiana alichukua kandambili zake mkononi akatoka analia, na hakujua kama analia kwa hofu au kwa wivu.

Nyumbani alimkuta Dina amelala sakafuni mlangoni, anakoroma. Alilala siku mbili mfululizo. Alipoamka aliomba ugali, akala wa watu wawili. Januari alikwenda shule na sanduku jipya la bati, na Evarist alilibeba mwenyewe mpaka stendi huku akimsalimia kila mtu njiani, hata asiowajua.

Pudensiana hajalala tangu jioni ile.

Hospitali walimpima malaria, wakampa vidonge, na vidonge havikufanya lolote. Kila binadamu akichoka sana, mwishowe analala. Yeye mwisho huo hana. Hulala chali kando ya Evarist, anamsikiliza akikoroma, na anamchukia. Anampenda, lakini usiku anamchukia. Na katikati ya koromo moja na jingine huisikia ile sauti. Tone... tone... tone... Asubuhi Evarist humwambia, "Mbona macho yako mekundu hivyo, mke wangu?" Naye hujibu ni moshi.

Oktoba imerudi. Joto ni lile lile, na bomba linatoa uvuguvugu ule ule. Jana jioni Scola alikuja na ndoo tupu mkononi, anaelekea kisimani. Bintiye Kija, wa darasa la saba, alibaki ameegemea ua, anapiga miayo.

"Mama Dina, hebu nifundishe mwenzio," Scola alisema. "Uliwezaje na Dina? Huyu wangu ana usaili Jumamosi, na usingizi umemlemea."

Kija alipiga mwayo mwingine. Harufu ya usingizi wake ikavuka ua, tamu, ya moto, kama viazi vinavyotolewa majivuni. Mate yakamjaa Pudensiana mdomoni. Akayameza. Yakajaa tena.

Alijua la kusema. Mwaka mzima alikuwa ameliandaa kwa mama yeyote atakayekuja kumuuliza: mwache mtoto alale. Maneno matatu tu, hata mume wake aliyaweza. Alimtazama Scola, akamtazama Kija, akafungua mdomo ayaseme.

"Maji ya miguu yake..." akanong'ona, "huwa mnayamwaga wapi?"