Pipa la Asetoni Lililogeuka Maji

Brashi kumi na moja zilikuwa zimekufa wima ndani ya debe. Inspekta alishika mpini wa mojawapo, akavuta. Zikanyanyuka zote na debe lenyewe, zimeng'ang'aniana kama ndugu msibani.

"Resini hiyo, gundi ya kuundia boti," alisema meneja wa karakana ya boti. "Ikikauka kwenye brashi, hiyo si brashi tena, ni rungu. Kila jioni zinaoshwa kwa asetoni. Jana zimeoshwa kwa maji! Mtu kaniibia lita ishirini, akajaza maji kwenye pipa. Na ufunguo wa stoo anao mmoja tu, yule mama muosha vifaa. Mfunge pingu tumalize, saa sita nina wageni kutoka makao makuu."

Inspekta alilitua debe chini. Miaka ishirini na sita kazini amewasikia wakubwa wakimaliza upelelezi kabla haujaanza. Aliegemea boti ya faiba iliyokuwa juu ya magogo, mara akaruka. Kiganja chake kilikuwa kimenata kwenye kiraka kibichi.

"Pole, afande," alisema fundi aliyekuwa akikandamiza kiraka hicho kwa rola, mzee mwembamba ambaye karakana nzima ilimwita Mzee Kiraka. "Usijifute kwenye suruali, utazikwa nayo."

"Inatokaje?"

"Kwa asetoni. Sasa asetoni ndiyo hiyo unayoitafuta."

Mafundi wakaangua kicheko. Meneja peke yake hakucheka.

Mama muosha vifaa alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono kaificha kwenye mifuko ya aproni.

"Nionyeshe mikono, mama."

Akaitoa taratibu. Ngozi ilikuwa nyeupe, imechanika kwenye kila kiungo. Lakini haikuwa na tone la resini. Ilimeremeta mafuta, na chembe ya sukari ilikuwa imekwama chini ya ukucha wa kidole gumba.

Inspekta alikumbuka mikono mingine. Mkewe alisugua sakafu za kituo cha polisi miaka tisa, kwa dawa iliyomla vidole kisha kifua. Aliomba glovu, akaambiwa zimeagizwa. Siku ya maziko ikaja barua ya rambirambi kutoka kwa mkubwa, imepigwa mhuri vizuri, na jina la marehemu limekosewa. Glovu mpaka leo bado zimeagizwa.

"Jana umeosha vifaa saa ngapi?"

"Saa kumi. Nilikuwa na ruhusa ya kwenda hospitali, ila daktari kaenda semina. Nikarudi kazini."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu." Alijibu haraka mno.

"Yaani ujaze maji kwenye pipa, halafu uzamishe brashi zako mwenyewe humo humo?"

Mama akairudisha mikono mifukoni.

"Asetoni inanuka mpaka getini, mama. Hukusikia kuwa ile haina harufu?"

Inspekta akaenda kwenye gari lake, akarudi na vitambaa viwili vilivyolowa.

"Fumba macho. Hiki nini?"

"Maji."

"Na hiki?" Alikisogeza puani kabisa. Waliosimama nyuma wakaanza kukohoa.

"Maji, afande."

Rola ilimponyoka Mzee Kiraka, ikagonga sakafu.

"Mke wangu," alisema, "hiyo ni petroli."

Inspekta akageuka. "Huyu ni mkeo?"

"Mwaka wa thelathini na moja huu. Muache, afande. Ni mimi. Ufunguo huwa anautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wetu."

"Asetoni umeiuza wapi?"

"Niuze? Imo ndani ya boti hiyo uliyoegemea, chini ya kiti cha nyuma. Haijapungua hata kijiko."

"Kwa nini, sasa?"

Mzee alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Hapa watu wanaosha na mikono kwa asetoni, maana inatoa resini mara moja. Inatoa na mafuta ya ngozi. Yeye inamla kutwa. Hawezi tena kufunga vifungo vya blauzi yake, asubuhi namfunga mimi. Glovu tumeziomba miaka mitatu. Zipo! Boksi zima, kabatini kwa meneja. Wageni wakija tunavalishwa, wakiondoka tunavuliwa. Nikaona nimwondolee hiyo sumu. Kila siku namsugua kwa mafuta ya kupikia na sukari, resini ikiwa bado mbichi. Brashi ningeziosha mimi, nachota kidogo kidogo humo botini. Maji niliyaweka ili meneja akizamisha kijiti chake akute kimo kile kile. Nilijua jana mke wangu hayupo, kaenda hospitali. Na hata angekuwepo, si angenusa?" Akamgeukia mkewe. "Tangu lini husikii harufu?"

"Mwaka wa pili. Hata shati lako silisikii."

"Na hukuniambia."

"Ungenitoa kazini. Halafu nani angeshinda na wewe humu?"

Mzee aliinama, akamfunga kamba ya aproni iliyolegea.

"Kakiri!" alisema meneja. "Umemsikia mwenyewe. Mfunge."

"Panda kwenye boti ukapime."

Meneja akapanda na kijiti chake. Aliteremka mdogo kidogo kuliko alivyopanda.

"Imetimia."

"Basi nitaandika imehamishwa, haikuibiwa. Brashi mtajuana wenyewe. Sasa fungua kabati, nataka kielelezo."

Boksi lilitoka, limejaa glovu mpya. Inspekta akaliweka mapajani kwa yule mama.

"Ofisi ya usalama kazini nitaiandikia. Najua watachelewa, nao wana semina zao. Lakini mimi kila Ijumaa nitapita kukagua kielelezo changu. Nikikute kimevaliwa."

Alikuwa anaondoka mama alipomwita.

"Mkono wako, afande. Resini inaanza kushika."

Akamketisha kwenye kreti. Akammiminia mafuta kiganjani, akanyunyiza sukari, akaanza kusugua, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Tangu maziko, watu walikuwa wakimpigia saluti tu. Hakuna aliyeushika mkono wake kiasi hicho.

"Imetoka?" aliuliza mama. "Vidole vyangu siku hizi haviniambii kitu."

Inspekta alitazama kiganja chake. Kilikuwa safi, hakina hata doa.

"Bado kidogo, mama," alisema.